Wiki Tatu Nilizowaambia Madaktari

Jumanne, tarehe kumi na moja mwezi wa Juni, saa nne asubuhi, binti yangu Dama alifariki katika wodi ya wanawake. Alikuwa na miaka kumi na sita na miezi miwili. Mguu wake wa kulia ulikuwa umemtangulia kwa miezi sita. Ugonjwa ulikuwa saratani ya mfupa, juu kidogo ya goti.

Ninaandika haya kwa mama ambaye mtoto wake anaumwa na goti sasa hivi, na yeye anajiambia ni mchezo wa shuleni. Nimesoma hadi darasa la nane. Sitaeleza saratani ni nini, wapo wanaojua. Nitaeleza niliyoyafanya na niliyoyaona, na mahali nilipodanganya nitasema nilidanganya.

Tunaishi Bombolulu, vyumba viwili vya kupanga vinavyotazama ua mmoja na majirani. Baba watoto ni mpakiaji mizigo katika maghala ya Changamwe. Binti yetu mkubwa, Sidi, anasomea udaktari. Dama alikuwa mdogo na wa mwisho. Mimi nilikuwa mkandaji. Nilifundishwa na mama yangu kule Ganze, naye alifundishwa na mama yake. Wanawake waliojifungua, watoto walioteguka mikono, wazee wa viuno, wote walikuja kwangu. Wanaume waliokata mawe Mwakirunge walikuja kunyooshwa migongo. Sikuwahi kuweka kibao. Mtu alifika barabarani akauliza kwa Mama Sidi ni wapi, akaonyeshwa.

Dama alianza kulalamika wakati wa masika, mwezi wa Aprili. Alisema goti linauma kwa ndani, na linauma hata akiwa amejilaza tu. Alikuwa akicheza mpira wa pete shuleni, nikasema ameteguka. Nikamlaza mkekani, nikamkanda. Siku ya kwanza alilia. Kwa mkandaji, mtu akilia siku ya kwanza si jambo baya, ni kwamba umefika penyewe. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyomwambia: "Lia, mwanangu, linatoka hilo."

Nikawa namkanda asubuhi kabla hajaenda shule na jioni akirudi. Mwezi wa pili wa kumkanda, uvimbe ulitokeza upande wa ndani wa goti, ukubwa wa limau. Uvimbe wa kuteguka naujua. Ni laini, ukiubonyeza unabonyea, na siku mbili tatu unahama. Huu ulikuwa mgumu, una joto, haukubonyea wala kuhama. Nimelifikiria sana jambo hili tangu alipokufa. Mikono yangu iliujua kuwa si kitu inachokifahamu. Mimi nikakataa kuisikiliza mikono. Nikaongeza nguvu.

Sidi alikuja likizo mwezi wa Agosti, wakati wa ile baridi ya asubuhi. Alikuwa anajitayarisha kuingia zamu ya mifupa, na alikuja na daftari nene alilochora mifupa kwa kalamu nyekundu na ya buluu. Alikuwa na desturi ya kusoma kwa sauti huku akizunguka ua. Nilipenda kumsikia. Hata nisipoelewa neno, nilijisikia kama ninasoma pamoja naye. Alituambia wamefundishwa mambo matatu kwa kila kiungo: utazame, uguse, kisha usogeze, na siku zote uanze na upande usiouma.

Akataka watu wa kujifunzia. Wa kwanza alikuwa jirani yetu Bi Rukia, ambaye anashona mikoba katika karakana ya watu wenye ulemavu, karibu na kwetu. Polio ilimchukua mguu wa kushoto akiwa mdogo na anatembea kwa magongo.

"Bi Rukia, shikamoo. Naomba uniazime magoti."

"Marahaba. Lipi, la kazi au la pambo?"

"Yote mawili. Tumeambiwa tuanze na zima."

"Basi anza na hili. Na ukimaliza usugue na mgongo, mamako siku hizi ana wageni wengi, mimi jirani sina zamu."

Dama alicheka mpaka akakohoa. Kisha ikawa zamu yake. Alikaa kwenye kigoda na kunyoosha miguu yote miwili. Sidi aliazima utepe wa Bi Rukia wa kupimia nguo, akapima goti la kushoto, akaandika. Akapima la kulia. Akapima tena. Akapima mara ya tatu na hakuandika.

"Mama, hili lilianza lini?"

"Ameteguka. Ni huo mpira wao."

"Lini, Mama?"

"Kitambo kidogo."

Aliuweka mkono juu ya uvimbe bila kubonyeza, akauacha hapo kwa muda. Kisha akasema, "Mama, lisikandwe tena. Kesho tumpeleke akapigwe picha."

Laiti angenivuta ndani akaniambia. Ninasema hivyo kisha najionea haya, kwa sababu najua hata ndani nisingekubali. Nilimwambia, "Sidi, umekuja kunifundisha kazi yangu kwangu, mbele ya watu?"

"Si hivyo, Mama."

"Mikono hii ndiyo iliyokusomesha. Hilo daftari lako limemkanda nani akapona?"

Aliinamisha macho. "Nisamehe, Mama." Akakunja utepe polepole na kumrudishia Bi Rukia. Bi Rukia alisema kwa sauti ya chini, "Mama Sidi, picha haimdhuru mtu."

Sidi alikaa siku nne zaidi. Kila siku nilingoja alitaje tena. Hakulitaja. Kwetu mtoto humwambia mama yake jambo kama hilo mara moja, na akikataliwa ameshasema. Nilimlea hivyo mimi mwenyewe. Alirudi chuoni, nami nikaendelea kumkanda Dama kwa wiki sita nyingine, lakini sasa nilifunga mlango kwanza. Miaka yote nilikandia watu mlango wazi, pazia tu limeshushwa.

Mwishoni mwa Septemba Dama alianguka kwenye ngazi za shule. Hakusukumwa wala hakuteleza. Aliweka mguu chini, mfupa ukavunjika. Mwalimu wake alimpeleka hospitali na mimi nikamkuta huko, kwenye benchi, mguu umefungwa kwa ubao na leso ya mtu nisiyemjua.

Nitasema machache kuhusu hayo mabenchi, maana utakaa sana hapo. Beba leso mbili, moja ya kukalia na moja ya kumfunika mgonjwa. Beba kikombe chako. Usitoke kwenye foleni kwenda kununua chai bila kumwachia mtu jina lako. Usimchukie karani anayesema faili haionekani; inaonekana kesho yake. Na yule mama aliyekaa karibu nawe, msalimie mapema, kwa sababu mtakutana tena mwaka mzima.

Daktari kijana alifika jioni. Nyuma yake walisimama vijana wanne wenye makoti meupe, na kwenye mifuko yao niliona beji ya chuo cha Sidi. Aliniuliza, "Mama, goti lilianza kuuma lini?"

Niliitazama ile beji. Niliwaza, hawa ni wenzake, na wakubwa wao ndio walimu wake. Watasema, yule msichana anayesomea udaktari, mama yake ni mkandaji, amemvunja mtoto kwa mikono yake.

"Wiki tatu," nikasema.

"Amewahi kukandwa?"

"La."

Dama alinitazama, kisha akatazama dari.

Walimlaza, wakamfunga mguu na kamba yenye uzito uliokuwa ukining'inia mwisho wa kitanda. Siku zilizofuata wanafunzi walikuja mmoja mmoja kujifunza. Sina neno baya juu yao. Walibisha hodi kwenye pazia, walisalimia, waliomba ruhusa. "Shikamoo, mama. Mimi ni mwanafunzi, naomba kumuuliza mgonjwa maswali machache." Mmoja alikuwa mrefu, wa bara, mwenye Kiswahili cha Nairobi: "Mathe, pole sana. Hii maumivu ilianza lini?" Kila mmoja alimuuliza Dama, na kila mara nilijibu mimi. Wiki tatu. Hakukandwa. Siku ya kwanza uongo ule niliutoa kwa shida. Siku ya nne ulitoka wenyewe, hata kabla hawajamaliza kuuliza. Nao waliandika. Walitazama, wakagusa, na mguu usiouma wakausogeza. Dama aliwapa jina. Akisikia viatu vyao alininong'oneza, "Mama, watu wa wiki tatu hao wanakuja." Alisema akitabasamu. Mimi sikutabasamu.

Wakati huo walikuwa wamemkata kinyama cha kupimwa na majibu yalikuwa hayajatoka. Niliomba Mungu yawe kifua kikuu cha mfupa. Usishangae ukijikuta unaomba ugonjwa.

Wiki ya pili kundi la Sidi lilihamishiwa wodi ile. Hakuwa amemwambia mtu kwamba mgonjwa wa kitanda cha tisa ni ndugu yake. Alipita na koti lake, akaushika ule mguu mzima wa Dama juu ya shuka.

"Dama."

"Abee, daktari."

Hayo tu. Alinisalimia mimi kama alivyowasalimia akina mama wengine.

Siku ya Alhamisi alikuja mwalimu wao, daktari bingwa, mtu mzima mwenye mvi na sauti ndogo. Walizunguka kitanda, sita. Mimi nilikuwa miguuni mwa kitanda na chupa ya uji. Mwalimu alichukua faili, akaangalia nyuso, akampa Sidi. Hakukuwa na sababu, ni yeye tu aliyekuwa karibu.

"Tuelezee mgonjwa."

Sidi alinitazama. Nami nilimtazama, na najua nilichomwomba kwa macho. Akasoma: "Mgonjwa ni msichana wa miaka kumi na mitano, mwanafunzi. Amekuwa na maumivu ya goti la kulia kwa muda wa wiki tatu kabla ya kuanguka. Hakukandwa." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

Mwalimu aliinua picha ya mfupa akaielekeza dirishani. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Wiki tatu," alisema.

Akapitisha kidole kwenye picha, juu ya goti.

"Mfupa huu umeliwa kwa miezi. Mmekuja hapa sita, na nimesoma mlivyoandika. Wote mmeandika wiki tatu. Ni nani kati yenu aliyemuuliza mgonjwa, akangoja mgonjwa ajibu?" Akamgeukia Sidi. "Wewe ulimuuliza?"

Sidi alitazama sakafu. Akisema hakuuliza, ataonekana mvivu mbele ya mwalimu wake. Akisema aliuliza, ataulizwa alijibiwa nini. Mdomo wangu ulikuwa mdomo wa mtu mzima, mzazi, mwenye uwezo wa kusema neno moja. Sikulisema.

Dama ndiye aliyesema. "Daktari, ni miezi mitano. Mama alinikanda asubuhi na jioni. Alikuwa ananisaidia." Kisha akaongeza, "Msimkasirikie dada. Huyu ni mama yetu."

Mwalimu aliishusha picha. "Huyu ni mdogo wako?"

"Ndiyo, daktari."

Alilichukua faili mkononi mwake bila ukali akampa mwingine. "Kwa mgonjwa huyu wewe ni ndugu, si mwanafunzi. Kaa naye." Kisha akaniambia mimi, kama mtu anavyomkumbusha mwenzake afunge mlango, "Mama, basi hatutamkanda tena, sawa?"

"Sawa," nilisema. Ningependa angenifokea.

Kwenye ujia Sidi alisimama akiutazama ukuta. "Ningesema nini, Mama? Niseme mbele ya mwalimu wangu kwamba mama yangu ni mwongo?"

"La, mwanangu."

"Basi mwongo nimekuwa mimi."

Hakupandisha sauti. Wiki ile ile aliomba atolewe kwenye wodi ya mifupa, na zamu hiyo haikuhesabiwa.

Majibu ya kinyama yalipotoka nilimwendea yule mwalimu peke yangu. Nilimuuliza kama ni mikono yangu iliyoleta. Akasema mikono haileti saratani, ilikuwepo. Nikamuuliza kuhusu kukanda. Akasema haifai kabisa, inaweza kuisukuma isambae. Nikamuuliza kuhusu ile miezi mitano. Aliivua miwani. "Mapema ingekuwa bora, mama. Nikisema zaidi ya hapo, upande wowote, nitakuwa nakudanganya." Nimemshukuru tangu siku hiyo, ingawa hakunipa kitu cha kushika.

Kemo ya kwanza, ile dawa ya saratani ya mshipani, ilikuwa kabla ya mvua za vuli, ya pili mvua zikinyesha. Nywele zilitoka baada ya ile ya pili, zikabaki kwenye mto kama za mtu aliyenyolewa akiwa usingizini. Mdomo ulijaa vidonda. Alipenda mabuyu tangu utoto na sasa hata mate yalimchoma. Muuguzi mmoja wa zamu ya mchana aliniruhusu nimletee barafu za ukwaju, zile za mfuko, akawa ananyonya kidogokidogo hata kidomo kikafa ganzi. Muuguzi yule hakuwa na lazima. Alikuwa akiniwekea hizo barafu kwenye jokofu la dawa.

Baba watoto alikuwa ameniuliza swali moja tu, siku ile niliyomweleza yote. "Kwa nini ulikuwa ukifunga mlango?" Kuanzia hapo alikula kazini. Nilimpikia, nikamfunikia, asubuhi nikakuta chakula kilivyo. Hakunipiga, hakunitukana. Ndugu zake walipokuja kusema mtoto wa kike asikatwe mguu, ataolewa na nani, arudishwe Ganze aangaliwe huko, aliwasikiliza wote hadi mwisho. Kisha akasema, "Mguu si mtoto," akaenda kutia sahihi.

Walimkata mwezi wa Desemba, juu ya goti, katikati ya paja. Alipozinduka aliuliza, "Umewekwa wapi?" Baba yake alimwambia ataupeleka nyumbani. Aliuomba hospitalini, wakampa karatasi, akaupeleka Ganze na kuuzika nyuma ya nyumba ya mama yake. Alirudi baada ya siku mbili na vumbi jekundu kwenye viatu, akaniambia kina kilikuwa cha kutosha. Nilielewa kwamba ni neno la kwanza kuniambia kwa wiki nyingi, nikalipokea.

Kidonda kilipona vizuri kuliko walivyotarajia. Dama alilalamika kwamba vidole vinamwasha, vidole vya mguu usiokuwepo. Alinitazama ninavyokaa mbali naye, mikono mapajani, akasema, "Mama, nishike basi. Kushika si kukanda." Sikuwa nimemgusa, ila kwa kumwogesha, tangu ile Alhamisi.

Kaskazi ilipoingia na joto lake, Bi Rukia alimletea magongo kutoka karakana, yaliyokatwa kwa urefu wake. Akamfundisha uani, wakati wa alasiri kivuli kikiwa upande wetu.

"Usiyaegemee kwa makwapa, mikono itakufa ganzi. Uzito uweke viganjani."

"Na nikianguka, Bi Rukia?"

"Utaanguka. Mimi wallahi nimeanguka Kisauni nzima. Barabara zote hizi nazijua kwa uso."

"Basi tushindane, wewe na mimi, mpaka kwenye tangi."

"Miguu miwili kwa watu wawili. Haya, tutaona nani kilema."

Walishindana. Bi Rukia alimwacha mbali, hakumwonea huruma hata kidogo, na Dama alirudi akihema na jasho, akiwa na uso aliokuwa nao zamani. Nilisimama jikoni nimeshika mwiko. Ukiniuliza mwaka huo ulikuwa na nini kizuri, ulikuwa na hayo. Mwezi wa Februari alirudi shule. Alisoma kwa siku kumi na moja.

Kikohozi kilianza mwezi wa Machi. Alijaribu kukificha kwa kukoholea kwenye mto. Picha ya kifua ilipigwa, na safari hii hakuna aliyetuuliza tangu lini. Mwalimu yule alitukalisha, mimi na baba watoto, akasema ameuona ugonjwa kwenye mapafu yote mawili, na kemo tena itamtesa bila kumponya. Baba watoto aliuliza, "Hakuna mguu mwingine wa kukata?" Hakuwa anafanya mzaha. Daktari alitikisa kichwa.

Dama aliniuliza mara moja tu. Ilikuwa masika tena, mvua inapiga mabati, nilikuwa nampangusa mgongo. "Mama, ungenipeleka mapema ningepona?"

"Sijui, mwanangu. Niliuliza, nao hawajui. Lakini ningekupeleka mapema."

Alifikiri. "Sidi alikwambia."

"Aliniambia."

"Nilimwambia asikusumbue tena," alisema. "Ile siku. Nilimwambia utakasirika, na mimi nitapona tu."

Hilo sikulijua. Kumbe ile mara ya pili niliyoingoja, Sidi alitaka kuja nayo, na mgonjwa mwenyewe akamzuia kwa ajili yangu. Niliendelea kumpangusa. Sikuweza kufanya kitu kingine.

Juni maji yalijaa kifuani na tukarudi wodini. Nimesikia watu wakisimulia maneno ya mwisho ya wapendwa wao. Dama hakuwa nayo. Aliomba mto wa pili. Nilikwenda kumwomba muuguzi, wakautafuta, niliporudi nao pazia lilikuwa limevutwa na Sidi alikuwa ameketi kitandani amemshika kisigino.

Tulimzika Ganze, karibu na mguu wake. Kwenye matanga watu walisema mengi, wengine wakataja majina ya majirani, kwamba alirogwa. Baba watoto alisimama akasema ilikuwa saratani, akaketi. Hakuniangalia, lakini hakusema lingine. Siku hizi anakula nyumbani.

Siwakandi watu tena. Wanakuja bado. Nawaambia mikono inaumwa, na wengine hununa, kwa sababu walitoka mbali. Mtoto akiwa na uvimbe usiobonyea namwambia mama yake aende leo, asingoje kesho, na nyuma yake nasikia akimwambia mwenzake kwamba Mama Sidi ameharibikiwa na msiba. Sawa. Aende tu.

Sidi na mimi hatukulizungumza jambo la wodini kwa miezi minane baada ya mazishi. Alipiga simu, alituma salamu, alinunulia baba yake shati. Sasa chuo kimemtaka airudie ile zamu ya mifupa aliyoiacha. Siku mbili kabla ya kuanza alikuja nyumbani. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa kizingitini nachambua mboga ya mchunga, akaketi chini karibu nami na daftari, akachambua kidogo pamoja nami.

"Mama, nina swali la masomo."

"Uliza."

"Wagonjwa wote wanasema hawakukandwa. Hata wale ambao ngozi inaonyesha. Walimu wanasema tuulize vizuri, lakini hawasemi vizuri ni vipi." Aliendelea kuchambua, hakuniangalia. "Ningekuulizaje wewe, ili uniambie kweli?"

Nilichambua shina moja, na la pili. Nilifikiria ile jioni kwenye benchi, yule daktari kijana, sauti yake ilivyokuwa.

"Msiniulize kama nilimkanda," nikasema. "Mkiniuliza hivyo nimeshajua jibu mnalolitaka, nami nitawapa."

"Sasa tuulize nini?"

"Niulize nilimkanda na nini. Hapo najua kwamba unajua, na hujanihukumu bado. Mkandaji akiulizwa dawa yake hawezi kunyamaza."

Alifuta mikono kwenye sketi, akafungua daftari, akaandika hayo. Nilidhani amemaliza. Akabaki ameshika kalamu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ile ya heshima wanayoitumia wodini, "Mama, mtoto ulimkanda na nini?"

Nikamwambia. Mafuta ya nazi niliyoyapika mwenyewe, nikayapasha moto na kitunguu saumu. Majani ya mbarika niliyoyababua nikamfungia juu ya goti akienda kulala. Asubuhi kabla ya shule na jioni akirudi, tangu masika hadi siku aliyoanguka. Nikamwambia uvimbe ulikuwa mgumu, una joto, haukubonyea wala kuhama.

"Uligundua lini kwamba hauhami?"

"Mwezi wa Mei."

Akaandika Mei.